Tangi la Badala

Gari lilikuwa limezimwa moto tangu Jumamosi, na bado lilikuwa linanuka. Moshi peke yake ungevumilika. Hapa kulikuwa na mpira uliochemka, na petroli iliyolala hadi ikaoza, na chini ya hayo yote harufu ya nywele zilizoungua, ambayo Sajini aliitambua mara moja akahamia upande unakotokea upepo.

"Afande, mtu wetu yuko mahabusu," alisema akiwa huko huko mbali. "Watu wa zimamoto wameshasema. Mshono wa lehemu uliachia, tangi likavuja, pasi ya umeme ikamalizia. Tunatafuta nini tena?"

Inspekta alikuwa amelala chali juu ya gunia chini ya gari, tochi ameiuma kwa meno.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, alikuwa na gari la kale ambalo mtaa mzima ulilijua. Alilisugua kila asubuhi kama mtu anayemwogesha mtoto. Banda la gari hilo ndilo mkewe alilotumia kufulia na kupigia pasi. Jumamosi mama yule aliingia bandani na shuka zake, akachomeka pasi, na moto ukamkuta humo. Mzee alimvuta nje kwa mikono yake mwenyewe. Mama alikufa kabla ya kufika hospitali. Mzee, akiwa na mikono iliyofungwa bandeji mpaka viwiko, alitoa maelezo kitandani: aliyemuua mke wangu ni fundi aliyeziba tangi langu mwezi uliopita.

Fundi huyo walimwita Risasi, kwa sababu ya madini ya risasi anayoyeyusha kwa mishono yake. Sajini aliposikia jina alisema hilo peke yake linatosha kumfunga mtu. Majirani hawakungoja hata kufungwa kwake. Walivunja mlango wa gereji yake na kumrushia mke wake mawe.

"Nipe spana kwenye sanduku la zana la Risasi," Inspekta alisema kutoka chini.

Sajini alisogea, pua ameifinya, akampa moja. Haikushika. Akampa nyingine. Hiyo nayo ikacheza kwenye nati kama kiatu cha kuazima.

"Sasa lete za gari letu."

Spana ya kwanza ya gari la polisi ilishika nati barabara, ikakaa kimya.

"Basi hiyo ndiyo saizi yake," Sajini alisema.

"Ndiyo saizi ya nati hizi. Siyo saizi ya gari hili. Gari hili limetengenezwa enzi za inchi, kila nati yake ni ya inchi, na spana zote za Risasi ni za inchi. Nati hizi ni za milimita, Sajini. Zimenunuliwa juzi juzi dukani."

"Huenda za zamani zilipotea."

"Huenda."

Alishusha tangi, wakaliweka juu ya turubai. Ndani yake kulikuwa na uji mweusi wa kutu na petroli iliyoganda, umeshikana kama makohozi. Sajini alitema mate pembeni. Inspekta aliingiza kidole kilichovaa glavu, akakwangua pembe ya chini mahali palipozibwa. Alikuwa anatafuta lehemu. Lehemu ikiyeyuka haipotei hewani. Inadondoka, inatambaa, inaacha utando unaong'aa. Hapakuwa na utando wowote. Palikuwa na gundi ya chuma iliyoungua ikawa makaa, imepakwa kwa kidole juu ya tundu, na juu yake rangi nyeusi.

"Nani anaziba tangi la petroli kwa gundi?" aliuliza Sajini.

"Mtu asiyetaka lidumu. Au asiyejali likidumu au lisipodumu."

Kisha akaona shingo ya tangi. Haikuwa ndefu ya kutosha kufika kwenye mfuniko wa gari, kwa hiyo mtu alikuwa ameirefusha kwa mpira na kuukaza kwa kibano. Mpira uliungua wote isipokuwa pale kibano kilipoubana. Inspekta alikifungua kwa bisibisi. Ndani kilikuwa kimebaki kipande chembamba cha kijani.

Sajini aliinama, akasahau kufinya pua.

"Huo si mpira wa petroli," alisema. "Huo ni wa kumwagilia maua."

"Petroli inautafuna kama panya. Unalainika, unachanika, unaanza kudondosha." Inspekta alisimama, akavua glavu kwa kuzigeuza ndani nje. "Tangi hili si la gari hili. Limechukuliwa kwingine, limebandikwa, na bibi wa watu akaja kupiga pasi kando yake."

Pembeni ya turubai vilipangwa vitu vilivyotolewa bandani: pasi, mabaki ya meza, karai lenye mchanga.

"Karai hili lilikuwa wapi?"

"Chini ya gari, huku nyuma. La saruji, nadhani."

Inspekta alichota mchanga kidogo, akaunusa, akaurudisha.

* * *

Mahabusu kulikuwa na ndoo moja kwa watu wengi, na ndoo ilikuwa imejaa. Walimtoa Risasi wakamweka kwenye chumba cha mahojiano. Alikuja ameshika suruali kwa mkono, maana mkanda walimnyang'anya. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Nieleze ulivyoziba lile tangi," Inspekta alimwambia. "Tangu mwanzo."

"Nimeshaeleza, afande. Nikieleza napigwa."

"Leo hupigwi. Kaa."

Alikaa. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kutoaminiwa. Alilishusha tangi, akalimwaga, akaliosha kwa maji ya moto na magadi mpaka harufu ikaisha. Kisha akalijaza maji karibu na tundu, ili mvuke wa petroli usipate nafasi ya kujificha humo na kumlipukia usoni. Akakata bamba dogo la shaba, akalilehemu juu ya tundu. Akalitumbukiza kwenye pipa la maji, akalipuliza, akangoja mapovu.

"Yakatoka?"

"Hayakutoka. Mzee alikuwa amechuchumaa pale pale. Yeye ndiye aliyesema litoe, limepona."

"Ukalirudisha kwa nati gani?"

"Zake mwenyewe. Nikazipaka grisi. Afande, lile gari ukipoteza nati yake umepoteza, huipati dukani."

"Bamba la shaba. Una hakika?"

"Lehemu ya bati na risasi peke yake ingetosha, lakini nilitaka lidumu kuliko mimi."

Inspekta alimtazama. Kwenye tangi lililoungua hapakuwa na shaba.

"Nani mwingine angelitaka tangi hilo?"

Risasi alicheka kidogo, mdomo ukamuuma. "Makumbusho. Ndivyo tunavyomwita yule muuza vipuri vya magari ya kale. Alikuja mpaka gereji kwangu kulitazama likiwa mezani. Analipapasa kama ng'ombe wa kununua. Anasema kuna tajiri anajenga gari kama lile, kakosa tangi tu. Mzee alimfukuza."

"Mbele ya nani?"

"Mimi, mzee, na Meneja. Mtoto wa kwanza wa mzee. Ndiye aliyemleta mzee siku ile."

"Na baada ya hapo, tangi likaanza kuvuja. Mzee alikuambia nini?"

"Hakuniambia kitu."

"Hata kidogo?"

"Afande, mzee yule ananiita hata bawaba ya mlango ikilia. Nakaa mtaa wa nyuma yake. Lingevuja tone, angekuwa ameshagonga mlango wangu sijamaliza chai." Alikuna shavu lililovimba. "Hilo ndilo linalonisumbua humu ndani. Kwa nini hakuniita?"

* * *

Duka la Makumbusho lilikuwa ghala refu lisilo na dirisha. Taa za magari zilitazama kutoka kwenye rafu kama macho ya samaki. Milango ilining'inia kwenye ndoano. Usukani mmoja bado ulikuwa umevalishwa kitambaa kilichofumwa na mke wa mtu. Mwenye duka, mtu mnene mwenye kucha nyeusi, alikuwa anamenya yai la kuchemsha, na grisi ya vidole ilikuwa imechora alama juu ya weupe wa yai. Alilila hivyo hivyo.

"Karibu dada. Unatafuta cha gari gani?" alimuuliza Inspekta.

Sajini alionyesha kitambulisho. Makumbusho alimeza.

"Karibuni, afande. Poleni na kazi. Na ule msiba pia, nimesikia. Nilikuwa nimepanga kwenda kutoa pole."

"Wewe huenda misibani sana?" Inspekta aliuliza.

"Kazi yangu inataka hivyo. Mwenye gari akifa, watoto hawana habari na gari. Mimi natoa pole, nasaidia kubeba viti, siku ya pili naulizia gari. Sioni ubaya."

"Mama huyu hakuwa na gari. Gari la mumewe limeungua. Ungeulizia nini?"

Makumbusho alipangusa mdomo kwa kiganja. "Taa za mbele zilipona, nasikia."

Sajini aligeuka akatazama ukuta.

Inspekta hakuuliza tena. Alianza kutembea kati ya rafu, akiinua maturubai. Makumbusho alimfuata akizungumza habari za kupanda kwa bei. Huko nyuma kabisa, kwenye kona, kulikuwa na blanketi. Makumbusho aliacha kuzungumza. Inspekta alilivuta.

Tangi lilikuwa limesafishwa, linang'aa. Kwenye pembe ya chini lilikuwa na bamba dogo la shaba, na lehemu imelizunguka safi kama pindo la nguo.

"Hili nimeuziwa na Risasi," Makumbusho alisema haraka. "Yule fundi. Sikutaka kumsema, mtu yuko kwenye matatizo."

"Alileta mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mkokoteni."

"Pamoja na nati zake?"

"Nati zake, kila kitu. Mimi sinunui nusu nusu." Alivuta kimfuko kwenye rafu, akakimwaga juu ya meza, na kwa kitambo akaonekana kujivunia.

Inspekta aliokota nati moja, akaigeuza kwenye mwanga. Pembe zake zilikuwa zimelika, zimeviringana. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

"Risasi ana spana za inchi, kubwa mpaka ndogo. Mwenye spana sahihi hatafuni nati namna hii. Huyu alikuja na spana ya milimita, ikamcheza, akalazimisha. Hakuwa fundi, na hakuwa na muda." Aliirudisha nati mezani. "Nitakuuliza mara moja tu. Ukinidanganya tena, kesi ya kifo cha yule mama tutaigawanya: nusu ya aliyekuletea, nusu yako."

Makumbusho alitazama mlango. Sajini alikuwa amesimama mlangoni.

"Mavi ya kale hayanuki, afande," alisema taratibu. "Mambo yameshatokea. Mama hafufuki."

"Haya bado yananuka. Toa simu."

Aliitoa. Kulikuwa na picha ya tangi sakafuni mwa banda, kando yake rola ya mpira wa kijani na kisu. Picha imetumwa na Meneja. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti. Inspekta aliubonyeza.

Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba, anayezungumza huku anatembea. "Bro, limekaa. Shingo ilikuwa fupi, nimeunga mpira. Mzee ameanza kelele za harufu, nimemwambia ni pua ya uzee, na mama naye amemwambia hivyo hivyo. Leo anajinusa mikono kama kichaa." Halafu kicheko. Halafu, chini yake, jibu la Makumbusho: kicheko kingine.

Sajini, aliyekuwa na mama yake nyumbani, alitoka nje akasimama uani.

"Tangi bovu alilipata wapi?"

"Kwangu." Makumbusho alikuwa ameanza kutoka jasho. "Lakini nilimwambia asitie mafuta, afande. Nilimwambia hilo ni la pambo tu. Yeye ndiye aliyetaka lipakwe rangi lifanane."

"Na gundi?"

"Yangu. Ilikuwa imebaki kwenye kopo."

Inspekta alimtazama yule mtu mnene, kucha zake, ganda la yai kwenye meza. Alitamani kunawa.

"Vaa viatu," alimwambia.

* * *

Hospitalini Meneja alikuwa amekaa kando ya kitanda, mikono ya shati ameikunja, anamnywesha baba yake supu kwa kijiko. Kila baada ya kijiko alimfuta kidevu kwa kitambaa. Mgonjwa mmoja wa kitanda cha pili alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini kwamba watoto wa namna hii siku hizi hawazaliwi.

"Afande, karibu," Meneja alisema. "Baba anajitahidi. Mmeshampeleka yule fundi mahakamani?"

"Nenda nje na Sajini. Ana picha anataka kukuonyesha."

"Picha gani?"

"Ya tangi. Na sauti yako."

Kijiko kilibaki hewani. Meneja hakumtazama Inspekta. Alimtazama baba yake. Na mzee akageuza uso, akatazama ukuta. Aligeuka kabla ya mwanawe kusema neno, kama mtu anayejua kile kinachokuja na hataki kuwa shahidi wake. Inspekta aliliona hilo.

Meneja aliweka bakuli chini. "Ilikuwa ajali," alisema. "Mimi nampenda mama yangu." Sajini alimshika kiwiko, akamwongoza nje. Mlango ulipofungwa zilisikika pingu.

Inspekta alikaa kwenye kiti kilichokuwa bado na joto la mtu.

"Mzee, pole na msiba."

"Nimeshapoa."

"Chini ya gari lako tumekuta karai lenye mchanga. Mchanga umelowa petroli mpaka chini. Nani aliliweka?"

Mzee aliendelea kutazama ukuta.

"Mwanao anakuja Jumapili kwa Jumapili. Mama alikuwa ameambiwa harufu iko puani mwako, akaamini. Aliyebaki ni wewe. Uliingia chini ya gari, ukaona panapodondoka, ukaweka karai. Hukuwa umechanganyikiwa. Ulinusa sawasawa."

"Nilinusa sawasawa," mzee alisema, na sauti yake ilitetemeka kidogo, kwa mara ya kwanza.

"Basi mtu akiona tangi lake linavuja anamwita aliyeliziba. Wewe unamwita Risasi hata bawaba ikilia. Mbona hukumwita?"

Kitanda cha pili mtu alikohoa. Mzee alivuta pumzi ndefu.

"Kwa sababu angeingia chini, akatoka akasema, mzee, hili si tangi lako."

"Na wewe ulishaliona."

"Niliona mpira wa maua yetu. Nikaenda bustanini, nikaona ulivyokatwa." Alifumba macho. "Nilitaka kumwambia mwenyewe. Akija Jumapili, tukae wawili tu, mama yake asisikie. Mama yake alikuwa anamwona malaika. Nikasema ni siku chache tu, nitaweka mchanga."

"Na pasi?"

"Siku zote alipiga pasi siku za katikati ya wiki, na wiki ile alikuwa ameshapiga. Jumamosi ile sijui nini kilimpeleka."

Inspekta alimhurumia wakati huo, na alijua kwamba huruma hiyo haitafika mbali, maana swali lililofuata lilikuwa limebaki.

"Haya. Mama amekufa. Sisi tumekuja hapa, tukakuuliza. Ukasema Risasi."

"Nilisema."

"Ukijua siye."

"Nilijua." Mzee alifumbua macho, yakawa makavu. "Risasi ni fundi, binti yangu. Watu wa ufundi wamezoea misukosuko. Angefungwa muda, angetoka, angeanza upya. Mwanangu angekwisha kabisa. Ana cheo, ana watoto. Mimi nimebaki na nani?"

"Mke wa Risasi amepigwa mawe. Unajua?"

"Nimesikia." Akainua mikono yake iliyofungwa, kama anayeonyesha ushahidi. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mtoto akinyea mkono, mkono haukatwi."

Inspekta alisimama.

"Haukatwi, mzee. Huoshwa. Wewe umeufutia kwenye shati la jirani."

Alirudisha kiti mahali pake.

"Atakuja askari mwingine kuchukua maelezo yako upya. Ya kwanza yalikuwa ya uongo, na kwa hayo utashtakiwa. Sina haja na sahihi yako kumshika mwanao. Sauti yake inatosha." Alifika mlangoni. Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa amesikia yote, alikuwa amevuta shuka mpaka mdomoni.

* * *

Risasi alitolewa mchana ule ule. Askari wa kaunta alimrudishia mkanda, saa, na viatu visivyo na kamba. Alivaa mkanda kwanza, polepole, kitundu kwa kitundu, halafu akauliza:

"Mzee mikono yake inaendeleaje?"

"Itapona," Inspekta alisema.

"Nitapita kumwona kesho. Mtu akifiwa husema lolote. Mimi sina kinyongo naye."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini mtu huyu angenunua matunda, angeingia wodini na lile shavu lake lililovimba, angekaa kwenye kile kiti na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda.

"Usiende," Inspekta alisema. "Alijua si wewe. Alijua tangu kabla ya moto."

Risasi alitazama kaunta, akatazama viatu vyake, akavivaa. Askari wa kaunta alijifanya kutafuta kalamu.

"Mama je?" hatimaye aliuliza. "Alijua?"

"Hapana. Hakujua lolote."

"Basi nitamlilia yeye," Risasi alisema, akatoka kwenda kumtafuta mke wake.